Haki ya Kumshauri Mkulima

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii twaifundisha shuleni tangu madarasa ya chini, na wanafunzi huieleza vizuri katika mitihani yao. Lakini ni mara chache tunapoikumbuka pale inapotuhusu sisi wenyewe tulio watu wa vitabu. Mtu aliyesoma humwendea mtu anayelima, akamwambia apande hivi, apalilie vile, aiache mbegu ya babu yake na ashike mbegu mpya. Mkulima husikiliza. Akikubali, mvua ikawa njema na shauri likawa la kweli, wote wawili hufurahi. Lakini shauri likiwa na kosa, ni nani alalaye na njaa? Mshauri hurudi kwake, na mwisho wa mwezi mshahara wake haupungui hata senti moja. Mkulima hubaki na ghala tupu na watoto wanaomtazama usoni.

Hapo ndipo linapozaliwa swali tunalotaka kulichunguza katika insha hii. Je, mtu hupataje haki ya kumshauri mwenzake juu ya jambo ambalo hasara yake haitamfika yeye mshauri? Kwa nje, swali hili laonekana kuwa la kilimo tu, na kwamba lawahusu mabwana shamba na mabibi shamba peke yao. Kwa hakika ni swali la utu. Nalo lahusu zaidi vyuo vikuu vyetu, kwa kuwa humo ndimo wanamoandaliwa washauri wa taifa.

Hebu tuanze na deni, maana kabla ya kuuliza kama msomi ana haki ya kushauri, yafaa tuulize kama ana hiari ya kukaa kimya. Katika nchi yetu mfano ulio karibu ni Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichoko Morogoro. Chuo hiki kilianza kuwa chuo kikuu kamili tarehe 1 Julai 1984. Kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili mwaka huo huo. Kama vyuo vikuu vingine vya kilimo, kazi zake ni tatu: kufundisha, kutafiti, na kuyafikisha maarifa kwa wananchi. Kazi hii ya tatu ndiyo iitwayo ugani, na neno lenyewe latukumbusha uga, yaani uwanja ulio wazi mbele ya nyumba, mahali watu wanapokutana. Maarifa yaliyofungiwa chumbani hayajafika ugani.

Majengo ya chuo kama hicho, maabara zake na vitabu vyake havikushuka kutoka mbinguni. Vilipatikana kwa mali ya umma, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mali hiyo ilitokana na pamba, kahawa, korosho na katani, yaani jasho la watu ambao wengi wao hawakupata kuketi darasani. Ndiyo maana, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alimlinganisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo akila asirudi, amewasaliti.

Mfano huo ni mzito, nasi twaukubali. Hata hivyo, wataka kuongezewa jambo moja. Yawezekana msafiri yule akarudi, tena akarudi na mzigo mkubwa, lakini mzigo wenyewe ukawa wa vitu wasivyoweza kuvila wanakijiji. Je, hapo deni limelipwa? Twaona halijalipwa. Kurudi ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kujua wenzako wana njaa ya nini. Na jambo hilo huwezi kulijua pasipo kuwauliza.

Ushahidi wa maneno haya hauko mbali. Mtu akisimama katika viwanja vya chuo kile, milima ya Uluguru yamkabili. Katika milima hiyo mna chemchemi zinazoulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa miteremko ile unachukuliwa na mvua, ikaanzisha mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Wataalamu waliona hatari ya kweli, kwani mmomonyoko ulikuwapo. Lakini dawa waliyoileta haikupatana na mgonjwa. Mahali pengi udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba, na jembe lililochonga ngazi lilileta juu udongo wa chini usiozaa. Watu walifanya kazi nyingi zaidi wakavuna kidogo zaidi, na aliyekataa kuchimba aliadhibiwa. Mwezi wa Julai mwaka 1955 umati wa watu ulikusanyika Matombo kuupinga mpango huo. Polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ule wa lazima uliachwa.

Tunapokitazama kisa hicho hatupaswi kuridhika kwa kusema tu kwamba wale walikuwa wakoloni. Bila shaka walikuwa wakoloni, na amri zao zilikuwa sehemu ya utawala wa dhuluma. Lakini kosa lao lina mizizi miwili ambayo yaweza kuota hata katika shamba la watu huru. Mzizi wa kwanza ni kwamba miongoni mwa waliokata shauri hapakuwa na hata mmoja ambaye angelala na njaa kama shauri lingeharibika. Mzizi wa pili ni kwamba shauri liliambatana na adhabu. Na shauri lenye adhabu si shauri tena, ni amri. Nasi baada ya uhuru hatukuepukana kabisa na mwenendo huo. Mwaka 1972 huko Iringa tulitangaza kuwa Siasa ni Kilimo, na azimio hilo lilitaka viongozi wajifunze kilimo na wamwelimishe mkulima. Lakini katika miaka michache iliyofuata, wakati wa kuhamia vijijini, mahali pengine watu walihamishwa kwa nguvu, wakawekwa mbali na mashamba waliyoyajua kwa vizazi vingi. Taifa lisilokubali kuyakumbuka makosa yake litayarudia.

Basi je, pamewahi kupatikana njia nyingine? Ili kulijibu swali hili yatupasa kuvuka bahari kidogo, kwa kuwa desturi ya vyuo vikuu kuwa na idara za ugani ilikomaa Marekani. Sheria ya mwaka 1862 katika nchi hiyo ilitoa ardhi ya umma ili majimbo yapate fedha za kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi. Vyuo vikajengwa, lakini kwa miaka mingi wakulima hawakuviamini. Waliona kwamba wanaofundisha humo hulima kwa kalamu.

Mwaka 1903, katika mji wa Terrell, jimbo la Texas, mzee mmoja aitwaye Seaman Knapp alijaribu njia mpya. Hakulima shamba la serikali ili watu waje kulistaajabia. Alimtafuta mkulima wa pale pale, akamwomba atenge sehemu ya shamba lake mwenyewe na kuilima kwa kufuata mashauri. Na hapa ndipo penye jambo tunalotaka lishikwe: wafanyabiashara wa mji ule walichanga fedha na kuziweka kando, ili mkulima yule akipata hasara kwa sababu ya mashauri hayo, alipwe. Mkulima hakupata hasara. Alipata faida, na majirani wakaiona kwa macho yao. Njia hiyo ikaenea, hata mwaka 1914 ikawekwa katika sheria iliyoviunganisha vyuo vya kilimo na kazi ya ugani nchini kote. Watu wengi hukumbuka mavuno ya Terrell. Sisi twaona kwamba jambo kubwa zaidi lilikuwa ile fedha iliyowekwa kando. Ilikuwa ni kama washauri wamesema, “Tukikosea, kosa ni letu sote.”

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1906, George Washington Carver, mwanasayansi aliyezaliwa utumwani, alitengeneza pamoja na wenzake wa chuo cha Tuskegee, jimbo la Alabama, gari la kukokotwa na wanyama. Likapakiwa majembe, mbegu na vyombo vya kazi, likapelekwa kwa wakulima weusi waliokuwa maskini mno hata wasiweze kuja chuoni. Wengi wao walilima ardhi ya kukodi na kuzama katika madeni ya pamba. Carver hakuwaambia wanunue mbolea wasiyoweza kuilipia. Aliwahimiza kutumia majani yaliyooza na matope ya mabwawani, na kupanda kunde, karanga na viazi vitamu ili kuurudishia udongo nguvu na kuwapatia watoto chakula. Alianza na kile ambacho mkulima alikuwa nacho mkononi. Hatusemi kwamba nchi ile ilikuwa ya haki. Vyuo vya watu weusi vilipewa fedha kidogo kuliko vya weupe, hata chini ya sheria ile ya 1914. Lakini labda kwa sababu hiyo hiyo gari lile lina mafunzo kwetu: lilitengenezwa na watu walioujua umaskini kwa kuuishi.

Tukirudi nyumbani, twakuta fundisho la ndani zaidi huko Umatengo, wilayani Mbinga, katika mkoa wa Ruvuma. Miteremko ya Umatengo ni mikali kama ya Uluguru. Lakini Wamatengo, tangu zamani za mababu, wanalo shamba lao liitwalo ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga chini kwa miraba. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale. Kinachobaki ni mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta, na mlima mzima ukautazama kwa mbali waonekana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni, mwendo wake hukatika, na udongo uliochukuliwa hutulia humo badala ya kukimbilia mtoni. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea, na juu ya matuta hupandwa maharagwe na mahindi kwa zamu.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda Umatengo kuuchunguza ukulima huo. Hawakwenda kuwafundisha Wamatengo kuchimba ngoro; walikwenda kujifunza kwao. Waliupima udongo, wakaandika, wakauliza, na kuanzia mwaka 1999 kazi ikaendelea kwa kushirikiana na wanavijiji katika mambo waliyoyachagua wao. Katika kijiji cha Kindimba watu walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji ya mto, na jumuiya yao wakaiita sengu, jina la desturi ya zamani ya watu wa ukoo kula pamoja na kushauriana. Angalieni tofauti. Uluguru, mtaalamu alikuja na jibu kabla ya kuuliza. Umatengo, aliuliza, akakuta kwamba sehemu ya jibu ilikuwa imechimbwa mlimani kabla yeye hajazaliwa.

Hapa yamkini msomaji atatupinga. Atasema, “Je, mwataka kutuambia kwamba mkulima hakosei kamwe, na kwamba mila zote ni njema? Kama ndivyo, chuo kikuu ni cha nini?” Pingamizi hili ni la haki, nalo lastahili jibu la wazi. Mkulima hukosea kama binadamu wengine, na yako mambo ambayo macho matupu hayawezi kuyaona hata yawe ya mzee mwenye hekima kiasi gani. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kwa kula nafaka zenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na kuvu waotao katika mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vema. Haina harufu ya kumwonya mlaji, wala kupika hakuiondoi. Mama aliyesonga ugali ule aliwapenda wanawe. Alichokosa ni maarifa. Mtaalamu ajuaye jambo kama hilo akanyamaza, kwa kuwa hataki kuonekana anawadharau wenyeji, naye ana lawama. Kumheshimu mtu si kumwacha aangamie kwa adabu.

Kwa hiyo hatusemi msomi anyamaze. Twasema haki ya kushauri haitolewi pamoja na shahada. Hiyo hupatikana kijijini, nayo, kwa maoni yetu, ina masharti manne.

Sharti la kwanza ni kuuliza kabla ya kusema, na kuwauliza wote wanaolima. Mara nyingi mtaalamu huandaliwa kiti barazani, akazungumza na wanaume, ilhali sehemu kubwa ya kupanda, kupalilia na kuhifadhi nafaka hufanywa na wanawake ambao saa hiyo wako jikoni wakimpikia mgeni. Mwaka 1990 chuo cha Morogoro kilitoa mbegu ya maharagwe iitwayo SUA 90, matunda ya utafiti wa miaka mingi. Ni kazi ya kujivunia. Lakini maharagwe hayapimwi shambani tu. Mama atauliza: Je, yaiva upesi, au yanamaliza kuni? Mchuzi wake ukoje? Rangi yake yapendwa sokoni? Maswali hayo ni sehemu ya sayansi, na mtafiti asiyeyasikia amepima nusu ya jambo.

Sharti la pili ni kushiriki katika hatari. Mtaalamu asimtake maskini abadili shamba lake lote kwa siku moja. Na waanze na pembe ndogo, ambayo ikiharibika nyumba haitalala njaa. Na ikiwezekana, taasisi iliyoleta shauri ibebe hasara, kama walivyofanya wale wa Terrell. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini mshauri anaweza, angalau, kukubali kulichungulia kaburi hilo kabla ya kumwambia mwenzake kwamba ni nyumba nzuri.

Sharti la tatu ni kusema kwa lugha ya anayesikiliza. Vyuo vyetu vikuu hufundisha kwa Kiingereza, na tafiti nyingi huandikwa kwa lugha hiyo, zikasomwa ng'ambo kabla hazijasomwa Mvomero au Mbinga. Hatudharau lugha za kigeni. Ni madirisha ya kutazamia ulimwengu. Lakini mlango wa nyumba yetu ni Kiswahili. Utafiti uliofanywa katika shamba la mkulima, kwa muda wake na kwa maswali aliyoyajibu kwa subira, kisha asiupate kwa lugha aijuayo, ni kama mavuno yaliyochukuliwa usiku.

Sharti la nne, na labda ndilo gumu kuliko yote, ni kurudi. Kurudi baada ya mavuno mema ni rahisi, kwa maana hapo kuna ngoma na picha. Kurudi baada ya shauri kushindwa, ukaketi mbele ya watu uliowashauri na kusema, “Tulikosea, tufikirini pamoja,” hilo lataka moyo. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Kijiji husamehe kosa la mtu aliyerudi kuliungama. Kinachoshindwa kukisamehe ni vumbi la gari lililopita mara moja.

Walimu na wanafunzi wanaweza kudhani kwamba maneno haya ni ya wakubwa wa vyuo. Sivyo. Ugani huanza pale mwanafunzi wa sekondari anaporudi likizo na somo la biolojia kichwani, akamkuta baba yake akipanda kwa namna ambayo kitabu kinaikataa. Anaweza kumcheka, na siku hiyo atakuwa ameanza safari ya Uluguru. Anaweza kunyamaza, nayo elimu yake itakuwa taa iliyofunikwa. Au anaweza kuuliza, “Baba, kwa nini tunapanda hivi?” akalisikiliza jibu mpaka mwisho, kisha akaomba mistari miwili tu pembeni mwa shamba ailime yeye kwa njia aliyofundishwa, na yeye mwenyewe aipalilie. Vivyo hivyo shamba la shule. Likiwa mahali pa kuwapeleka wakosaji, litawafundisha vijana kwamba jembe ni adhabu, na kijana aliyefundishwa hivyo hatamheshimu mtu ashikaye jembe maisha yake yote. Likiwa mahali pa kujaribu, kupima na kukosea bila kumwumiza mtu, litakuwa chuo kikuu kidogo.

Tulianza kwa kuuliza mtu hupataje haki ya kumshauri mwenzake. Jibu letu ni kwamba huipata kwa kukubali kwamba kosa lake nalo litamgusa. Deni la msomi kwa taifa ni kubwa, na halilipwi kwa maneno mengi. Hulipwa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, na mtu anayekumbuka njia ya kurudi kijini hata mwaka ule ambao hakuna mavuno ya kuonyesha.